Povu la kuoshea gari nyumbani: kisa cha kipulizio cha lita 2, vali ya tairi na sindano ya cherehani

Gari, uwanja na maji

Mwenye gari katika kisa hiki ni mama mmoja wa Dar es Salaam, anayeishi nyumba ya kupanga yenye uwanja mmoja wa wapangaji kadhaa. Jina lake, mtaa, kazi na aina ya gari nimeviondoa, na mambo machache yasiyogusa ufundi nimeyabadili ili asitambulike. Gari ni dogo, jeupe, lililoagizwa Japani likiwa limeshatumika.

Kwa muda mrefu gari hilo lilioshwa pembeni mwa barabara kwa ndoo moja na kitambaa kimoja, ambacho kilianzia kwenye rimu na kumalizia kwenye boneti. Siku moja akaliangalia kwenye jua kali, akaona boneti imejaa mikwaruzo myembamba, ile inayouzunguka mng'ao wa jua kwa duara. Inatokana na mchanga ulionasa kwenye kitambaa, ambao husagwa juu ya rangi kila mkono unapopita. Hapo ndipo povu lina kazi. Likipakwa kabla mkono haujaligusa gari, hulainisha vumbi na kuteremka nalo, kwa hiyo sponji ikifika inakuta mchanga mchache.

Mashine ya presha hakuitaka. Soketi zote ziko ndani, waya ungelazimika kupita mlangoni kwa jirani, na maji ya kutosha kuilisha hayapo. Nyumba inatumia kisima ambacho maji yake yana chumvi, kama visima vingi vya ukanda wa pwani. Maji ya bomba huja kwa zamu na huhifadhiwa kwenye ndoo kwa ajili ya kupikia.

Akanunua Kariakoo kipulizio cha mkono, aina ile ya kupulizia dawa kwenye maua: chupa ya plastiki yenye nafasi ya lita 2 ndani, mpini wa kujazia upepo juu, nozeli ya kuzungusha mbele, na valvu ndogo ya usalama shingoni. Lebo inasema presha isizidi baa 2.5 (baa ni kipimo cha presha), yaani takriban 36 kwa geji ya tairi. Shabaha ilikuwa kukifanya kitoe povu linaloganda mlangoni.

Alianza na sabuni ya unga

Jaribio la kwanza alilifanya mwenyewe, bila kubadili chochote kwenye kifaa. Alikoroga sabuni ya unga ya kufulia katika maji ya kisima, akajaza karibu lita moja na nusu, akapampu, akapuliza. Kilichotoka ni ukungu wa maji yenye sabuni, ambao ulitiririka mlangoni mara tu ulipogusa. Baada ya muda mfupi nozeli ikaziba, kwa sababu chembe za unga zilizokuwa hazijayeyuka zilikwama kwenye tundu lake. Sehemu zilizokauka juani ziliacha michirizi myeupe.

Akahamia kwenye sabuni ya maji inayouzwa mtaani kwa dumu, akaimimina nzito akiamini uzito ndio nguvu. Sabuni hizo mara nyingi huongezwa chumvi mwishoni ili ziwe nzito, na uzito huo hausemi chochote kuhusu povu litakalotoka. Ilipita kwenye mrija kwa shida na kutoka kwa matone makubwa.

Kipulizio cha dawa kimetengenezwa kwa kazi iliyo kinyume kabisa na hii. Nozeli yake inayakata maji kuwa matone madogo na kuyarusha. Povu ni hewa iliyofungwa ndani ya ngozi nyembamba za maji ya sabuni, na ili ngozi hizo zijengeke, hewa na maji vinapaswa kukutana ndani ya kifaa, vikapita pamoja kwenye wavu wenye nafasi ndogo ndogo, kisha vikatoka kwenye mdomo mpana. Kipulizio hiki hakikuwa na hata kimoja kati ya hivyo vitatu.

Fundi na stilwaya

Mama akampelekea kijana mmoja, fundi wa kutengeneza feni na pasi hapo jirani. Kijana huyu ana mikono mizuri, na alikuwa ameshaona kwenye simu kwamba watu huweka stilwaya ndani ya vifaa vya povu. Akafungua nozeli, akasokota kipande cha stilwaya ile laini ya kusugulia sufuria, akakisukuma ndani ya shina la nozeli, nyuma ya kile kisahani chenye tundu dogo. Akafunga, akapampu, akapuliza.

Mapovu machache yalionekana mdomoni, kisha ukungu ukarudi. Wavu ulikuwa umewekwa mahali pasipofaa. Hata kama povu lingejengeka ndani yake, lilipaswa kupenya tundu jembamba kuliko wavu wenyewe, na kupenya huko kunalibomoa. Isitoshe, hewa haikuwa ikiufikia wavu. Mrija wa kunyonyea unashuka hadi chini ya chupa na kuchukua maji matupu. Hewa yote inabaki juu ikisukuma.

Kesho yake stilwaya ilikuwa imeanza kutoa kutu. Nyuzi hizo laini ni chuma cha kawaida, na maji ya chumvi yaliharakisha mambo. Chembe za kutu zikarushwa kwenye gari jeupe na kuacha vidoa vya kahawia kwenye mlango wa nyuma. Vilitoka, lakini ni chembe zilezile ngumu ambazo mama alikuwa akizikimbia.

Vali ya tairi

Sasa fundi akaamini kinachokosekana ni nguvu. "Mama, hiki kikipata upepo wa kutosha kitatoa povu zito," alimwambia. "Kupampu kwa mkono hakutoshi."

Kuna jambo lililomsukuma kufikiri hivyo. Kila walipopampu sana, valvu ya usalama ilikuwa ikitoa mlio wa upepo. Wote wawili waliuchukulia kuwa kifaa kinavuja. Fundi akaifunga kwa ukanda wa mpira wa baiskeli, akaukaza. Halafu akatoboa bega la chupa, akapachika vali ya tairi la tyubulesi, akaikaza kwa nati na wasala pande zote mbili. Wakaenda kwa fundi pancha.

Kompresa ya fundi pancha huhifadhi hewa kwenye kiasi cha baa 8. Tairi inaimudu kwa sababu ni kubwa na hujaa taratibu, na anayejaza ana muda wa kupima. Chupa yenye nafasi ya nusu lita juu ya maji hujaa kwa kufumba na kufumbua. Upepo ulipoingia, plastiki ya bega kuizunguka vali ikageuka nyeupe, kama mkunjo wa kadi ya plastiki iliyokunjwa kwa nguvu. Fundi pancha, ambaye ana uzoefu na vitu vinavyopasuka, aliuondoa mpira wake wa kujazia upepo hapohapo, akawaambia wasogee, akaibonyeza sindano ya vali kwa bisibisi ndefu hadi upepo wote ukaisha. Hakuna aliyeumia.

Ule weupe ni plastiki iliyovutwa kupita uwezo wake, na haurudi kuwa ilivyokuwa. Fanya hesabu ya kitako cha chupa hiyo. Kipenyo chake ni sentimita 12, kwa hiyo eneo lake ni sentimita za mraba 113. Kwa baa 2.5 zilizoandikwa kwenye lebo, hewa inakisukuma kwa nguvu sawa na uzito wa kilo 290 hivi. Kwa baa 8 ni zaidi ya kilo 900. Chupa hiyo hushikwa mkononi, usawa wa kifua, na uwanjani kuna watoto.

Kuanza upya

Mimi niliitwa baada ya hapo, kwa kuwa nafundisha ufundi wa mitambo na mama huyu ni jamaa wa rafiki yangu. Uamuzi wa kwanza ulikuwa kuitupa chupa. Fundi alipendekeza kuziba tundu kwa gundi, na pendekezo hilo lilikuwa na sababu: hela ilishatumika, na chupa nyingine ni hela nyingine. Lakini plastiki za chupa hizi haziungwi vizuri na gundi za dukani, na hata zingeungika, lile bega jeupe lilikuwa limeshadhoofika. Chombo kinachobeba presha hakitiwi kiraka. Tulikikata katikati ili asije mtu akakiokota na kukitumia, tukabakiza mpini, oringi (pete ya mpira inayozuia uvujaji) na nozeli kama vipuri, kisha mama akanunua kingine cha aina ileile. Tukakubaliana kwamba kuanzia hapo chupa, mpini na valvu ya usalama havitaguswa. Mabadiliko yote yatakuwa kwenye mrija na mbele ya nozeli, sehemu ambazo zikiharibika zinavuja maji tu.

Jambo la pili lilikuwa kuipeleka hewa kwenye maji. Njia inayojulikana kwa watengenezaji wa vifaa hivi vya nyumbani ni kutoboa tundu dogo kwenye mrija wa kunyonyea, juu kabisa, karibu na unapoingia shingoni. Pale mrija uko juu ya maji, ndani ya hewa iliyoshindiliwa. Ukibonyeza kifyatuo, maji yanapanda kutoka chini na hewa inaingia kwa tundu hilo, vikaenda pamoja. Fundi aliwahi kulijaribu hili kwenye mrija wa kwanza kwa ncha ya msumari uliopashwa moto. Tundu likawa kubwa, hewa ikatoka yote kwa kukohoa na maji yakabaki chini.

Kipimo tulikipata kwa mshonaji. Sindano za cherehani zina namba mbili, kwa mfano 100/16, na hiyo 100 ni unene kwa sehemu za mia za milimita, yaani milimita 1 kamili. Ya 90/14 ni milimita 0.9, ya 80/12 ni 0.8. Kwa hiyo mtu asiye na keekee za kutobolea vitu vidogo ana seti nzima ya vipimo kwa bei ndogo. Tulianza na ya 80, tukapasha ncha, tukatoboa upande mmoja tu wa mrija. Povu likawa la majimaji. Tukapanua kwa ya 100 likakaa vizuri. Kuanza na tundu dogo kunakuachia nafasi ya kupanua. Ukianza na kubwa unanunua mrija.

Tatu, wavu na mdomo. Safari hii nozeli ya asili ilibaki mahali pake pamoja na kisahani chake, ikarekebishwa irushe kwa kutawanya. Mbele yake tuliweka bomba la sindano la mililita 5, jipya, lililokatwa ncha, likashikwa kwa kipande kifupi cha mpira na klipu mbili. Ndani yake tukasokota nyuzi za stili isiyoshika kutu, zile pana zilizojikunja zinazouzwa kwa kusugulia masufuria, tukazifuatisha na duara mbili za sponji ya kijani ya kusugulia. Sasa mpangilio ulikuwa sahihi: mbano kwanza, kisha wavu, kisha mdomo ulio wazi. Gundi hatukutumia kabisa, kwa sababu ile ile ya chupa, na pia ili wavu ufunguliwe na kuoshwa.

Maji na sabuni vilikuwa uamuzi wa nne, na huu ni wa mama mwenyewe. Nilimwomba achukue chupa tatu za maji ya kunywa, ajaze kila moja nusu: kisima, bomba, na maji ya mvua aliyokinga kwenye bati. Kila moja kifuniko kimoja cha shampuu ya gari, atikise kwa nguvu ileile, kisha aziache. Ya kisima ilitoa povu fupi lililoanguka mapema. Ya mvua ilipanda juu na kukaa. Chumvi na madini ya kisima yanaipunguzia sabuni kazi yake. Mama akasema mara moja kwamba basi lita moja ya povu haiwezi kumshinda: maji ya mvua au ya bomba yatumike kwa povu tu na kwa suuza ya mwisho, kisima kifanye suuza ya kwanza. Shampuu akaipima kwa kikombe cha dawa ya mtoto, mililita 30 kwa lita, akaacha kukisia.

Kwa nini chupa haijazwi

Hapa nataka kukaa kidogo, kwa sababu ndipo watu wengi wanapokata tamaa na kuanza kutafuta kompresa.

Chupa yenye nafasi ya lita 2 ukiitia lita 1.5 za maji, hewa inabaki nusu lita. Ipampu hadi baa 2.5. Ukihesabu na presha ya hewa ya nje, ndani kuna baa 3.5. Tumia nusu lita ya maji: hewa sasa ina nafasi ya lita nzima, presha inashuka nusu, 1.75, na ukiondoa ile ya nje unabakiwa na baa 0.75. Povu linalegea na kutoka kwa matone.

Itie lita 1 tu. Hewa ni lita 1. Tumia nusu lita ileile: hewa inakuwa lita 1.5, presha ya ndani ni 2.33, unabakiwa na baa 1.33. Karibu mara mbili ya ile ya kwanza, kwa chupa ileile, bila kuongeza hata baa moja juu ya lebo. Gharama yake ni mkono, maana hewa nyingi inahitaji kupampuliwa zaidi mwanzoni. Na kwa kuwa lile tundu la mrija nalo linakula hewa, presha halisi hushuka haraka kuliko hesabu hii, hivyo kupampu tena katikati ya kazi ni lazima. Kwa gari dogo mama hupampu, hupuliza upande mmoja, hupampu tena.

Matokeo

Povu linatoka zito kiasi, jeupe, linashika mlangoni dakika 4 hadi 5 kivulini kabla ya kuteremka. Boneti ikiwa ya moto haligandi hata dakika moja, kwa hiyo anaosha asubuhi kabla jua halijafika uwanjani. Anaanza kwa kumwagia maji ya kisima kuondoa mchanga mkubwa, anapaka povu kuanzia chini kwenda juu, anasubiri, anasuuza, ndipo anaingia na sponji na ndoo mbili, moja ya sabuni na moja ya kusuuzia sponji. Rimu zina kitambaa chake.

Povu halimalizi kazi. Utando wa moshi na vumbi laini la barabarani unabaki mpaka upitiwe kwa mkono, na yeyote anayesubiri gari ling'ae kwa kupuliziwa na kusuuzwa tu atasikitika. Ndivyo ilivyo hata kwa mashine kubwa.

Kulijitokeza tatizo moja jipya. Kila anapoinamisha kifaa kufikia chini ya mlango, povu linageuka majimaji. Maji yanasogea hadi kwenye tundu la mrija na kulifunika, hewa haiingii. Kujaza lita 1 badala ya 1.5 kulisaidia hapa pia. Kwa sehemu za chini kabisa anachuchumaa na kukiweka kifaa wima.

Kilichofaa na kilichoharibu

Stilwaya yenyewe haikuwa wazo baya. Fundi alinakili kitu bila mpangilio wake, na mpangilio ndio uliokuwa na maana. Angeiweka mbele ya kisahani badala ya nyuma, na akaipa hewa, angeona povu siku ileile hata kwa nyuzi za kutu. Alipolikosa, alitafsiri kukosa huko kuwa upungufu wa presha, na kila hatua iliyofuata ikawa ya mantiki kabisa juu ya msingi usio sahihi.

Mlio wa valvu ya usalama ndio kosa zito kuliko yote, na nalitazama kwa uchungu kwa sababu nalikuta mara kwa mara, kwenye vipulizio na kwenye majiko ya presha vilevile. Kifaa kilikuwa kikieleza kwamba kimefika mwisho wake. Walichosikia ni uvujaji. Valvu ikilia, acha kupampu. Ikilia mapema sana kuliko ilivyozoea, toa upepo, ifungue, ioshe, au badili kifaa. Haifungwi kwa mpira, haizibwi kwa tepu.

Kwa upande wa vilivyofaa, naweka juu jaribio la chupa tatu. Halikugharimu chochote, lilijibu swali ambalo kupampu kusingelijibu, na lilimpa mwenye gari uamuzi ulioendana na maji aliyonayo. Kutenganisha sehemu za presha na sehemu za kuchezea pia kulitupa uhuru: baada ya hapo fundi alijaribu urefu tofauti wa bomba la sindano na tabaka za sponji kadiri alivyotaka, na hakuna jaribio lililoweza kumdhuru mtu. Ndiye aliyegundua kwamba kuzishindilia nyuzi sana kunarudisha ukungu.

Utunzaji ni wa kawaida. Upepo hutolewa kila baada ya kazi na chupa haiachwi juani ikiwa na presha. Maji safi hupitishwa hadi mdomoni ili sabuni isikauke kwenye wavu, na oringi ya mpini hupakwa grisi ya silikoni. Mafuta ya kujipaka hayafai, kwani baadhi ya mipira huvimba yakiigusa.

Jirani mwenye pikipiki kadhaa za biashara alipoliona povu alitaka fundi amfanyie vivyo hivyo kwenye bomba lake la mgongoni la lita 16. Tulimzuia kutoboa mrija. Kwenye bomba la mgongoni la kupampu kwa mkono wa pembeni, tangi kubwa halina presha. Presha iko ndani ya kichemba kidogo tu, yaani chumba cha pampu, na tangi linapumua hewa ya nje. Tundu kwenye mrija wake wa kunyonyea lingeifanya pampu ivute hewa na kupoteza nguvu. Kwa kifaa hicho hewa inabidi iingilie mbele, kwenye nozeli yenyewe, kupitia matundu ya pembeni ya bomba la wavu, ambapo mkondo wa maji unaotoka kwa kasi huivuta hewa ndani. Fundi ameanza na bomba la sindano la mililita 20 na matundu manne ya sindano namba 16, na klipu zilezile mbili.